Komiki za bei mbaya kwa mfuko mwembamba: wewe unakubali kasoro ipi?

Ngosha_wa_Pasiansi (#1)
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Komiki zinazotajwa kwa mamilioni ya dola tuziache zilipo. Action Comics namba 1 ya Juni 1938, iliyouzwa dukani kwa senti 10, nakala yake moja ilinunuliwa dola milioni 6 mwaka 2024. Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, alikoanzia Spider-Man, ilifika dola milioni 3.6 mwaka 2021. Hizo ni kama Bismarck Rock, unaliangalia unaondoka.

Ngazi ya chini yake ndiyo mada. Hulk 181 ya Novemba 1974 ambamo Wolverine anaonekana kikamilifu mara ya kwanza. Amazing Spider-Man 129 ya Februari 1974, alikoanzia Punisher. Giant-Size X-Men 1 ya 1975, yenye Storm. Mtu wa Mwanza anayeweka akiba kidogokidogo anaweza kuzifikia akijua kwamba bei ya komiki inapangwa na kasoro zake, na kasoro si zote sawa.

Dai langu: kubali kava bovu, kataa ukurasa uliopungua. Kava limechanika, lina mkunjo wa katikati, mtoto wa Ohio kule Marekani ameandika jina lake kwa kalamu, yote hayo poa, mradi kurasa zimetimia na pini zinashika. Nani anapinga?

SatoMbichi (#2)
Nakaa siti ya mbele na kahawa. Swali dogo tu mkuu: shemeji anaijua hiyo akiba?

Mama_Stepla (#3)
Napinga nusu. Umeitaja Hulk 181 bila kutaja stempu, na hapo ndipo watu wanapigwa.

Kuanzia 1974 wachapishaji Marvel walikuwa wanachapa stempu ndogo kwenye ukurasa wa barua, watoto wakate wabandike kwenye kitabu chao. Hulk 181 ina stempu namba 54, picha ya Shanna. Watoto walikata kwelikweli. Sasa nakala yenye kava zuri lakini stempu imekatwa inashuka bei sana, na ukurasa upo, umetoboka tu dirisha. Kwa sheria yako ya #1 hiyo ni "ukurasa umepungua" au "umetimia"?

Mimi nasema hiyo ndiyo kasoro bora kuliko zote kwa mwenye mfuko mwembamba. Hadithi haijaguswa sana, kava linang'aa, punguzo kubwa. Ila lazima muuzaji aseme wazi, na bei iseme hivyohivyo.

Ngosha_wa_Pasiansi (#4)
Mayu hapo umenikamata. Na wale wanaorudishia stempu kutoka komiki nyingine?

Mama_Stepla (#5)
Wapo tele, maana stempu hiyohiyo namba 54 ilichapwa kwenye komiki nyingine za bei rahisi. Dawa yake: omba picha za ukurasa huo pande zote mbili. Upande wa nyuma wa stempu kuna maandishi au mchoro unaoendelea na ukurasa wote. Kama mstari unakatika ghafla kwenye umbo la mraba, au herufi haziungani, imebandikwa. Muuzaji akikwambia "siwezi kuifungua nitaiharibu" na haijafungiwa kwenye plastiki na kampuni ya kupima ubora, achana naye.

KaratasiNgumu (#6)
Nimefurahi kuona uzi wa namna hii. Kuna kasoro moja hamjaigusa: komiki zilizokarabatiwa.

Kampuni ya CGC ya Marekani, iliyoanza 2000, inapima komiki kwa alama 0.5 hadi 10 na kuifungia kwenye boksi la plastiki lenye lebo. Lebo ya bluu ni ya kawaida. Ya zambarau maana yake imekarabatiwa: rangi imeguswa, mpasuko umeunganishwa kwa karatasi nyingine, kingo zimepunguzwa, kava limeoshwa. Wakusanyaji wengi wanaikimbia zambarau kama ukoma, kwa hiyo inauzwa chini sana kuliko bluu ya alama ileile. Ukiiweka ukutani hakuna mgeni atakayejua tofauti.

nyamagana_B (#7)
Mkuu #6 uko sahihi ila ongeza: kuna ya njano kwa iliyosainiwa mbele ya shahidi wao, na ya kijani kwa komiki nzuri yenye dosari moja kubwa inayotajwa pembeni. Ile Hulk ya Mama Stepla iliyokatwa stempu mara nyingi unaikuta kwenye kijani. Halafu msichanganye: kupiga pasi ya joto na mvuke ili mkunjo usiovunja rangi unyooke, CGC haihesabu kama ukarabati.

Zambarau nayo ina madaraja. Rangi iliyoguswa kidogo kwenye mgongo ni kitu kimoja. Kingo zilizokatwa ni kitu kingine, hiyo mimi siigusi hata kwa bure, karatasi iliyokatwa hairudi.

KaratasiNgumu (#8)
Tunakubaliana kwenye kukata kingo. Kwa wanaonunua zisizopimwa, hivi ndivyo unavyokagua ukiwa na kitu mkononi:

Chukua ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, mawakala wa fedha wanayo. Zima taa ya chumba. Gundi ya kisasa na karatasi nyeupe mpya aghalabu vinang'aa bluu, karatasi ya 1974 inabaki imefifia. Kisha geuza kava uangalie upande wa ndani pale penye mgongo na pembe: wino wa kalamu uliopakwa nje huvuja ndani ukaacha vidoa. Kingo zilizokatwa zinakuwa nyeupe na kali wakati ukurasa wenyewe umeshakuwa rangi ya chai. Ukiona kingo nyeupe juu ya karatasi ya kahawia, mkasi umepita.

SatoMbichi (#9)
Kwa hiyo niende kwa wakala wa pale Buzuruga nimwambie naomba taa nikague Hulk. Atanipigia polisi.

Kiroba_cha_Sani (#10)
Mnazunguka sana. Anayetaka kusoma anunue marudio, basi. Hadithi ya kwanza ya Spider-Man imechapwa upya mara nyingi mno. Marvel Tales ya 1964 imo, Marvel Tales 137 ya 1982 imo, na hii ya pili inapatikana kwa pesa ya nauli. Zipo pia faksimile za miaka hii, yaani nakala zilizochapwa upya zifanane na za asili, zina hadi matangazo ya zamani ya miwani ya kuona mifupa. Hulk 181 imo.

Na ukitaka "ya kwanza" kwa bei ya chini, uko uchawi mwingine: ukurasa mmoja. Komiki za kale zilizooza zinavunjwa, kurasa zinauzwa mojamoja, na CGC wanaufungia ukurasa mmoja kwenye plastiki na kuandika ni wa toleo gani. Ukurasa mmoja wa mwaka 1938 au 1962 ni karatasi halisi, wino halisi.

Mama_Stepla (#11)
Ukurasa mmoja sikubali. Kila anayenunua ukurasa anampa mtu sababu ya kuchana komiki nyingine iliyokuwa na kurasa 20 nzima.

Kiroba_cha_Sani (#12)
Zinazovunjwa zilishakosa kava na nusu ya kurasa mayu. Maiti haifi mara mbili.

Mama_Stepla (#13)
Nani amekuhakikishia zilikuwa maiti?

nyamagana_B (#14)
Kwenye marudio kuna mtego mmoja mkubwa. Mwaka 1974 wachapishaji DC walitoa upya Action Comics namba 1 kwenye mfululizo ulioitwa Famous First Edition. Ndani ni ileile ukurasa kwa ukurasa, na kava la ndani ni ileile, ila ina kava la nje linaloitambulisha kuwa marudio. Matapeli wanalivua kava la nje, wanauza kilichobaki kama cha 1938.

Kipimo hakihitaji mtaalamu. Marudio hayo ni makubwa, kama sentimita 25 kwa 34. Ya 1938 ni karibu 20 kwa 26. Chukua karatasi ya A4: ya asili inafichika chini yake, marudio yanatokeza pande zote. Mwambie muuzaji apige picha na A4 pembeni. Akikataa umeshapata jibu.

Ngosha_wa_Pasiansi (#15)
Hii ya A4 naiandika ukutani. Ahsante mkuu.

Na zile "za kuotesha fedha"? Kuna jamaa anasambaza X-Men namba 1 ya 1991 kwenye magrupu, anasema ni adimu.

nyamagana_B (#16)
X-Men 1 ya Oktoba 1991 ilichapwa zaidi ya nakala milioni 8, ndiyo inayoshikilia rekodi ya Guinness ya toleo moja lililouzwa zaidi. Ina kava tano tofauti. Watu walinunua maboksi wakaweka. Mpaka leo iko kila mahali. Namba 1 na adimu ni vitu viwili, kama vile sangara mkubwa na sangara mtamu.

Na usinunue wiki trela inapotoka. Mhusika akitangazwa kwenye filamu bei inaruka, filamu ikishaondoka ukumbini inateremka taratibu miezi kadhaa. Andika orodha yako mapema ya wahusika ambao hakuna anayewazungumzia, kaa nayo.

KaratasiNgumu (#17)
Kwa orodha ya #1 mimi ningeanza na mtindo wa fungu. Usitafute 129 peke yake. Tafuta mtu anayeuza Amazing Spider-Man 120 hadi 140 kwa mkupuo, ambaye amechoka kuuza mojamoja. Piga hesabu ya bei ya 129 katika hali ile, toa kwenye bei ya fungu, uone zilizobaki zinakugharimu shilingi ngapi kila moja. Unachukua yako, nyingine unauza. Tatizo lake ni uzito. Komiki moja na kadi yake ya mgongoni (ile ngumu inayowekwa nyuma isipinde) na mfuko unakaribia gramu 100, ishirini ni kilo mbili, na kwa kifurushi cha ng'ambo kilo mbili si mchezo. Watu wanaokoa dola kwenye fungu wanazimwaga kwenye usafiri.

Ufungaji pia usimwachie muuzaji aamue. Mwandikie hivi: komiki kwenye mfuko na kadi, mfuko ubandikwe kwenye kipande cha boksi ili usitembee, juu na chini vipande viwili vya boksi vyenye mifereji inayopishana, kimoja wima kimoja mlalo, vizidi komiki sentimita tatu kila upande. Mifereji ikienda upande mmoja kifurushi kinapinda palepale, na mkunjo unapita kwenye kava.

Ziwani_Cargo (#18)
Kwenye forodha: vitabu vilivyochapwa viko sura ya 49 ya orodha ya ushuru. Mwambie muuzaji aandike ni komiki iliyotumika, karatasi iliyochapwa, na bei halisi uliyolipa. Msimwombe aandike "zawadi" au dola tano. Kikipotea unalipwa fidia ya dola tano.

nyamagana_B (#19)
Sura ya 49 ndiyo, lakini ndani yake vitabu ni 49.01, magazeti na majarida 49.02, vitabu vya picha vya watoto 49.03. Komiki yenye namba ya toleo na mwezi ni jarida. Afisa mmoja anaweza kuiweka huku, mwingine kule. Na gharama za uchakataji za msafirishaji ni jambo la pembeni, ulizia kabla ya kuagiza.

Ziwani_Cargo (#20)
Mimi nimeziona zikipita kama vitabu miaka yote. Ila sawa, kwa karatasi uko sahihi.

DadaKirumba (#21)
Naomba nipotoshe uzi kidogo. Mnazungumzia kununua, kutunza je? Komiki zikikaa huku kwetu miaka miwili mitatu zinaanza vidoa vya kahawia, vidogo kama mbegu za ulezi, kwanza kwenye kurasa za pembeni halafu kava la ndani. Zilifika safi. Zimo kwenye mifuko. Tatizo nini?

KaratasiNgumu (#22)
Unyevu wa ziwa. Karatasi ya gazeti inavuta maji hewani, ukungu unaota. Masika na vuli ndiyo mbaya. Ziweke kwenye boksi la plastiki lenye mpira mfunikoni, lita 30, tia silika jeli (vile vichembe vya kunyonya unyevu) gramu 100 hivi na kipima unyevu kidogo cha dijitali. Lenga kati ya asilimia 40 na 50. Silika ya bluu ikigeuka pinki, ikaushe kwenye kikaangio kwa moto mdogo hadi irudi bluu, ila kikaangio hicho kisirudi jikoni.

Mama_Stepla (#23)
Si unyevu pekee. Dada angalia vidoa viko wapi. Vikizunguka pini ni kutu. Pini za chuma za 1974 zikipata hewa ya huku zinatoa kutu inayoingia kwenye karatasi. Na usiwe mjanja wa kung'oa pini uweke mpya, hapo unaweza kuwa umeifanya zambarau mwenyewe.

DadaKirumba (#24)
Haviko kwenye pini. Viko kingo za juu.

nyamagana_B (#25)
Kabati lako ni la mbao za kubandika? Zile za unga wa mbao na gundi zinatoa mvuke wa asidi miaka na miaka. Karatasi ya gazeti yenyewe imetengenezwa kwa massa ya mti yenye asidi, ikipata nyingine ya kabati inaungua haraka. Kingo za juu zinaungua kwanza kwa sababu mdomo wa mfuko uko juu.

Ziwani_Cargo (#26)
Wote mnasoma sana vitabu. Wale wadudu wa ziwani, wanaopanda kama moshi mchana kweupe wanafika mpaka Capri Point, wanaingia kila tundu. Wakifia kwenye kabati wanaacha doa lilelile la kahawia. Angalia kwa kioo cha kukuzia kama kuna bawa.

DadaKirumba (#27)
Kabati ni la unga wa mbao kweli. Na wadudu hao nawafagia kwa ndoo. Sasa nani kashinda?

KaratasiNgumu (#28)
Vidoa vya ukungu havina umbo moja na huwa vinaingia ndani ya nyuzi za karatasi. Vya mdudu viko juu tu. Lakini sitaki kukuapia bila kuona.

SatoMbichi (#29)
Zitie kwenye friza la samaki, mdudu atakufa na ukungu utaganda. Tuna mafriza mengi kuliko maktaba.

nyamagana_B (#30)
Unatania ila maktaba zinafanya hivyo kuua wadudu. Komiki ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, hewa imetolewa, nyuzi -20 kwa wiki. Friza la nyumbani linalofika -18 lipe wiki mbili. Kosa la watu liko wakati wa kutoa: wanafungua mfuko ikiwa bado baridi, maji yanajikusanya juu ya kava kama kwenye chupa ya soda. Acha mfuko umefungwa saa 24 mpaka upate joto la chumba, maji yabaki nje. Ukungu haufi, unasinzia tu. Na friza lisiwe na dagaa, tafadhali.

Mama_Stepla (#31)
Na mifuko yenyewe dada ni ya nini? Ya polipropilini ni ya kubadilisha baada ya miaka michache, inaanza kuwa na mawimbi na kunata. Mylar, ile plastiki ya poliesta, ni ghali ila inakaa. Kadi ya mgongoni iwe isiyo na asidi, kadi ya boksi la viatu ni sumu. Na mdomo wa mfuko kunja uingize ndani nyuma ya kadi. Gundi ya tepu ikigusa kava wakati unaitoa, inaondoka na uso wa Wolverine.

DadaKirumba (#32)
Kadi ni za boksi la viatu 🙈

nyamagana_B (#33)
Haya, mshukiwa wa nne.

Kiroba_cha_Sani (#34)
Nirudi kwenye mada. Hela mnayotuma Ohio, hapahapa mngekuwa matajiri wa kitu ambacho hakuna anayekitunza. Majarida ya zamani ya Sani yenye katuni za Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Katuni ya Kingo ya James Gayo. Gazeti la Uhuru la zamani lenye katuni ya Chakubanga wa Christian Gregory. Jarida la Joe la Nairobi, 1973 hadi 1979. Komiki za Pichadithi za miaka ya 1980, ile ya Lwanda Magere ni hadithi ya ziwa letu hilihili. Majarida ya hadithi za picha ya African Film yenye Lance Spearman, watu walikuwa wanaazimana mpaka kava linaisha.

Hazina kitabu cha bei, hazina CGC. Ndiyo maana ni rahisi, na ndiyo maana ni ngumu. Mshindani wako hapa ni karanga. Magazeti ya zamani yanauzwa kwa kilo kwa wauza vitumbua na karanga. Nenda kwa mwenye mzigo Makoroboi au Mlango Mmoja asubuhi kabla hajaanza kuchana, lipa bei ya kilo na nyongeza kidogo ili akuwekee yote yenye michoro. Usionyeshe unalenga nini. Ukisema "nataka Sani" kilo inageuka dhahabu.

Ngosha_wa_Pasiansi (#35)
Kwa hizo kasoro unazikubali zipi? Maana Sani yenye kava nadhani hazipo.

Kiroba_cha_Sani (#36)
Kwa Sani nakubali kila kitu isipokuwa doa la mafuta. Kava halipo, sawa. Chemshabongo imejazwa kwa kalamu, sawa. Mafuta ya kitumbua yanaendelea kusambaa ndani ya karatasi hata miaka kumi baadaye, na yanahamia kwenye nakala ya jirani. Iliyopata mafuta iweke peke yake.

Mama_Stepla (#37)
Ona sasa, umefika kwangu. Chemshabongo ikikatwa na mkasi ikatumwa posta ya mashindano je? Hiyo ndiyo stempu namba 54 ya Tanzania.

Kiroba_cha_Sani (#38)
Hiyo sijakubali bado.

Ngosha_wa_Pasiansi (#39)
Narekebisha dai la #1: kava bovu ndiyo, dirisha la stempu ndiyo kama bei inasema hivyo, zambarau ya rangi labda, kingo zilizokatwa hapana. Ukurasa mmojammoja nawaachia wenyewe mpigane.

DadaKirumba (#40)
Nimekopa kioo cha kukuzia kwa fundi saa. Kwenye doa moja kuna kitu kama bawa. Kwenye mengine manne hakuna kitu. Nimechanganyikiwa zaidi.

Ziwani_Cargo (#41)
Bawa! Nilisema.

KaratasiNgumu (#42)
Moja kati ya matano, mkuu. Dada, kabla hujatoa kadi za viatu, weka alama kwa penseli kwenye kadi, si kwenye komiki: nusu zibaki kabatini kama zilivyo, nusu zihamie boksi la plastiki na silika. Uje masika yakiisha.